Mwalimu Aliyetuonyesha Nyota Mchana

Kwanza niseme lile lililotuchekesha, maana mengi yaliyobaki hayachekeshi. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa Kisumu majina ya nyota alikuwa akilala na kuku. Jua likianza kuinamia ziwa, yeye tayari yuko njiani kurudi nyumbani, mwavuli kwapani, hatua ndefu, hasimami hata kusalimia. Aliogopa mbwa wa mtaa wa Manyatta. Aliogopa viboko wanaotoka majini kuja kula majani. Nadhani aliogopa giza lenyewe, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Nyota alizotuonyesha zilikuwa nyota za mchana, ndani ya ghala, na alizitoboa mwenyewe kwa msumari.

Mimi nilikuwa nikifundisha ushonaji katika shule hiyohiyo ya msingi, na nilimjua tangu miaka ya kwanza ya uhuru mpaka miaka ya sabini ilipokaribia kwisha. Jina lake sitalitaja. Hata alipokuwa kazini halikutumika sana. Mji mzima ulimwita Mwalimu, kana kwamba sisi wenzake tulikuwa wafagiaji. Jambo hilo liliniudhi kwa muda, kisha nikazoea, na mimi pia nikamwita hivyo.

Siku aliyokuja na wazo lake alinikuta nawafundisha wasichana kupiga pindo. Alichora ubaoni kitu kama bakuli lililofunikwa, akaniuliza kama ninaweza kushona mbingu. Nilimjibu kwamba nashona sare na mapazia, mbingu nimemwachia mwenyewe. Hakucheka. Alikuwa amesoma habari za nyumba zilizoko ng'ambo ambamo watu huketi kwenye viti na nyota hutupwa darini kwa taa, na jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Watoto wetu hawatafika huko, alisema, kwa hiyo nyumba yenyewe ije hapa kwetu Kibuye.

Basi nikashona. Nilikata kitambaa cha marekani vipande virefu, vyembamba juu na vipana chini, kama vipande vya chungwa, nikaviunga kwa mshono wa mara mbili ili mwanga usivuje. Fito za kuishikilia zilisukwa na mzee mmoja wa Dunga ambaye maisha yake yote alisuka mitego ya samaki. Alisuka mtego mmoja mkubwa kuliko yote aliyowahi kusuka, tukaupindua, tukauvisha kitambaa. Tuliuweka katika ghala la pamba nyuma ya soko la Kibuye, ambalo mwenye ghala alikuwa amelifunga na kuhama. Watoto walipoona kile kitu kimefunika sakafu walikiita Agwata, yaani kile kibuyu cha nusu tunachotekea maji kwenye mtungi, na jina likashika hata kwa wazazi.

Nyota zilitoka ndani ya karai mbili zilizofunganishwa midomo kwa midomo. Mwalimu alikuwa amezitoboa matundu, makubwa kwa nyota kubwa na madogo kwa ndogo, na katikati akatia balbu ya taa ya gari inayowashwa na betri ya lori. Ukilitazama dude hilo mchana unaona takataka. Lakini mlango wa ghala ukifungwa, watoto wakilala chali juu ya mikeka ya mafunjo, na yeye akilizungusha polepole kwa mkono, mbingu yote ilikuwa inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na mtoto wa darasa la tatu aliyekuja akipiga kelele anasahau kufunga mdomo. Mimi ndiye niliyeshona kitambaa kile, nilijua kila fundo lake, na bado nilikuwa nikiingia humo nasisimka.

Siku za kazi zilikuja shule, kutoka mjini na kutoka vijijini, watoto wamepanga mistari hadi nje ya soko, wauza nyanya wakiwatania. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za watu na familia zao. Walikuja akina mama wa Kaloleni na mabuibui yao, wakitaka kuonyeshwa mwezi mwembamba unavyoandama kabla ya mfungo. Walikuja Waluo wametoka kanisani na viatu vya Jumapili, wakitaka kujua ile nyota ya Betlehemu iko tundu gani. Wote aliwajibu kwa adabu moja. Aliwaonyesha Kilimia ambacho wakulima wa zamani walikitazama kabla ya kupanda, akawaonyesha Zuhura, na hakumcheka mtu.

Hapo ndipo alipotushangaza, sisi tuliomjua darasani. Darasani alikuwa mkali kupita kiasi. Alichapa. Alichapa waliochelewa, waliosahau, na waliocheka wakati mwenzao anachapwa. Zaidi ya yote alipenda kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake aseme kosa lake kwa kinywa chake, sentensi nzima, kwa sauti, mpaka aliye nyuma kabisa asikie. Ndani ya Agwata hakuwahi kumgusa mtoto. Sauti yake ilikuwa inashuka, inakuwa kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiwe vile hata darasani. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini asivae sketi.

Tena mwaka mmoja mto Nyando ulipofurika na watu wa upande wa Ahero wakahama nyumba zao, chifu alilifungua lile ghala na kuwaweka humo. Mwalimu alikuja juu. Alisema watachafua kitambaa, watapikia chini ya fito, wataunguza mbingu. Aligomba siku nzima. Kesho yake nilimkuta humo, kafunga mlango saa nne asubuhi, watoto wa mafuriko wamelala chali na matope yao, na yeye anazungusha karai. Walikuwemo waliopoteza ndugu majini. Hakuwaambia lolote kuhusu maji. Aliwaambia ile ni Zuhura, ile ni Kilimia, na mama mmoja alilia humo ndani kwa mara ya kwanza tangu azike. Mwalimu alipotoka nje alianza tena kugombana na chifu.

Alikuwa na misemo yake. "Macho kwanza, mdomo baadaye." Huo aliutumia kwa watoto wenye maswali mengi. "Anayefumba macho hufundishwa na waongo." Huo aliutumia dhidi ya hofu, na hofu ndiyo adui aliyemchukia kuliko ujinga. Bundi, fisi, nyota yenye mkia, jua kupatwa, yote hayo alitaka watoto wayatazame. Alikuwa ameona, alisema, watu wazima wakijificha chini ya vitanda kwa sababu ya kivuli, na hakutaka mtoto aliyepita mikononi mwake aje ajifiche chini ya kitanda. Mimi niliupenda msemo ule. Niliwashonea wasichana wangu maneno yake kwenye vitambaa vya meza.

Sasa nieleze ila yake, maana bila hiyo mtu hataelewa yaliyofuata.

Mwalimu hakuweza kusema amekosa. Si kwamba hakujua. Alijua upesi kuliko sisi sote, ila mdomo wake haukuwa na njia ya kulitoa neno hilo. Katika mwaka wa kwanza wa Agwata alikuja mwalimu wa jiografia kutoka shule moja ya wasichana, akatazama juu kidogo, akasema mbele ya watu kwamba mbingu imegeuzwa. Zile nyota mbili zinazouelekeza Msalaba wa Kusini zilikuwa upande usio wake. Mwalimu alikuwa amenakili picha ya kitabuni juu ya karai kama ilivyo, akasahau kwamba mwanga ukitoka ndani picha inapinduka, kama mtu anayekata kitambaa akasahau kukigeuza. Alimjibu yule mgeni kwamba anga lake liko sawa, na kwamba pengine yeye amelala kinyume. Shule zilipofungwa alinunua karai mpya, akajifungia, akatoboa upya nyota zote mpaka vidole vikavimba. Muhula ulipofunguliwa Msalaba ulikuwa mahali pake. Nilimpa pole kwa kazi ya kusahihisha. Akaniuliza, kusahihisha nini?

Mkono wake ulisahihisha, mdomo wake ukakana. Tulikuwa tukilicheka jambo hilo katika chumba cha walimu, mpaka mwaka wa kupatwa kwa jua.

Redio ilitangaza mapema kwamba jua litapatwa, na kwamba kwetu sehemu kubwa yake itafunikwa. Mjini watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni vita, wengine tauni. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa posa. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe aliongeza kipande kipya katika maonyesho yake. Alizima karai, akawasha balbu moja ya manjano juu ukutani kuwa jua, na kwa kijiti kirefu akalisogezea kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia kuwa mwezi. Kifuniko kilikuwa kinaila ile balbu polepole mpaka unabaki ukingo mwembamba. Watoto wadogo walikuwa wakijifunika nyuso. Hilo lilimuudhi, kwa hiyo akabuni mchezo. Nani ataweza kutazama mwanzo hadi mwisho bila kupepesa? Aliyeweza aliitwa mbele, akapigiwa makofi, akaruhusiwa kuzungusha karai kwa mkono wake mwenyewe.

Apiyo hakushindwa hata mara moja. Alikuwa pacha. Yeye aliishi Manyatta na mama yake, mjane aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya sokoni Kibuye, na pacha mwenzake Adongo aliishi Ahero kwa nyanya yao mzaa baba, kwa sababu mama asingeweza kuwatunza wote wawili mjini. Walifanana hata makovu ya tetekuwanga usoni. Apiyo alikuwa mwembamba, mwerevu, mwenye kiu ya kusifiwa kama watoto wengi ambao nyumbani hakuna mwenye nafasi ya kuwasifu. Alikuja Agwata na shule yetu, kisha akawa anajipenyeza na shule nyingine, na Mwalimu akawa anamwacha. Alimtumia kuwa mfano. Tazameni Apiyo, alikuwa akisema, hapepesi.

Mwalimu hakuwa mjinga. Ijumaa, siku moja kabla, alisimama paredi, mbele ya shule nzima, akasema waziwazi kwamba jua la kweli halitazamwi kwa macho matupu, kwamba linaunguza jicho bila kuuma, kwamba watazame kivuli chake ndani ya beseni la maji au kwenye karatasi iliyotobolewa. Nilikuwapo. Alisema vizuri, kwa sauti, hakuacha kitu. Lakini ilikuwa ni hotuba moja ya asubuhi, katikati ya matangazo ya mechi na karo, na miili ya watoto wale ilikuwa imefundishwa kitu kingine kwa majuma, gizani, kwa makofi. Ndani ya Agwata walikuwa wametazama jua likiliwa mara nyingi na halikuwahi kuwafanya kitu.

Jumamosi alasiri mwanga ukageuka rangi. Kuku wa Manyatta wakaanza kurudi bandani. Kule Ahero, kama nilivyosimuliwa baadaye, nyanya yao alisema maneno ya kwao, chieng' otho, jua limekufa, akamsukuma Adongo ndani ya nyumba pamoja na wajukuu wengine, akafunga mlango kwa kigingi na kukaa mbele yake akipiga debe tupu mpaka mwanga uliporudi. Wajukuu wa yule bibi walitoka na macho yao yote. Huku mjini pia, wazazi waliomwita Mwalimu mchawi kwa sababu ya Agwata waliwafungia watoto wao ndani, nao hawakupata dhara lolote. Ni mtoto aliyemwamini ndiye aliyesimama uani, peke yake, mama yake yuko sokoni, akatazama mwanzo hadi mwisho.

Jumatatu Apiyo aliletwa kwangu kwa sababu uzi haukuingia kwenye sindano. Nilidhani ni uvivu. Nikamwambia anitazame, akageuza kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje, akaniambia nikikutazama mbele naona shimo, Mwalimu wa kushona hana uso. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimulika macho yote mawili, akasema katikati pameungua, kando pamebaki, na kwamba pengine patarudi kidogo. Hapakurudi. Nilirudi naye nikiwa nimemshika mkono, nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Mama yake alikuja shuleni siku iliyofuata na harufu ya omena na leso yake ya kichwa. Tulikuwa wanne katika ofisi ya Mwalimu: yeye, mimi, mama na mtoto. Mama hakuja kugomba. Alikuwa na heshima ya ajabu kwa walimu, ile ya watu ambao hawakupata kusoma. Aliomba ruhusa ya kukaa, akakaa pembeni mwa kiti.

"Mwalimu, mimi nataka jua kitu moja tu," alisema. "Wewe uliambia hii watoto wasiangalie jua?"

"Niliwaambia," alisema Mwalimu. "Ijumaa. Paredi yote ilisikia."

"Na huyu alikuwa?"

"Alikuwa mstari wa mbele."

Kabla mama hajasema neno, Apiyo akaingilia. Alikuwa amegeuza kichwa, anamtafuta Mwalimu kwa ukingo wa jicho, na usoni mwake, Mungu anisamehe, kulikuwa na furaha kidogo.

"Mwalimu, sikupepesa. Hata kidogo."

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, na Mwalimu alielewa, maana aliweka mkono juu ya meza kama mtu anayezuia kitu kisianguke, akatazama dirishani. Nilingoja. Palikuwa na nafasi pale, pana ya kutosha mtu yeyote kupita. Angesema sentensi moja. Hakusema. Mama akamgeukia mtoto wake akamwambia, "Umesikia? Uliambiwa." Kisha akasimama, akampa Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kufanya kazi yake.

Neno hilo, uliambiwa, likawa chakula cha Apiyo. Akijikwaa, uliambiwa. Akimwaga maji, uliambiwa. Majirani nao wakalichukua, na katika chumba chetu cha walimu kuna aliyesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamimina chai. Mama yule hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akipata mtu wa kulaumu hamwachi. Mwishoni aliamua kwamba shule ni ya mtoto anayesikia. Alimpeleka Apiyo Ahero kwa nyanya, akamleta Adongo mjini avae sare ileile.

Nilimfuata mama sokoni nikamweleza yote, mchezo wa kutopepesa, makofi, karai. Alinisikiliza huku akipanga nyanya zake mafungu mafungu. "Mama, wewe ni mtu mzuri," alisema. "Lakini wewe ni mwalimu ya sindano. Mwalimu mwenyewe amesema alikataza. Sasa nishike maneno yako, niache yake?" Nilirudi tena mara nyingine, na tena, jibu likawa hilohilo. Maneno yangu hayakuwa na uzito sokoni. Yalihitajika maneno ya mtu mmoja tu.

Kwa hiyo nilimwendea Mwalimu. Tuligombana kama mume na mke, mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Alishikilia kwamba alisema, paredi ilisikia, na ni kweli ilisikia. Nilimwambia mdomo wako ulisema mara moja, ghala lako limesema majuma mazima, na mtoto akasikia kile kilichomfurahisha. Nikamwambia nenda kwa yule mama, useme tu kwamba mtoto alikutii. Aliokota mwavuli wake akaondoka, na jua lilikuwa bado juu sana.

Mkono wake, kama kawaida, ulianza kusahihisha. Kipande cha kupatwa kwa jua kilitoka katika maonyesho wiki hiyohiyo. Muda mfupi baadaye alifunga Agwata kabisa, akasema betri imekufa. Fito zilichukuliwa na wafuga kuku kujengea mabanda. Kitambaa cha marekani nilikikunjua mwenyewe, nikakifua, nikakikata mapazia ya bweni, na mikono yangu haikuwahi kuchukia kazi kama ile. Kisha vikaanza kupita kwangu vifurushi vya kupeleka Ahero. Sukari, sabuni, blanketi, siku moja viatu vya msichana. Aliniagiza nisiseme vimetoka kwa nani. Nilivipeleka, ingawa nilitamani kumrushia usoni. Nyanya wa Apiyo alivipokea akidhani ni mimi, akaniombea baraka ambazo hazikuwa zangu.

Na humo darasani mwake alikuwa akiketi Adongo. Uso uleule, makovu yaleyale, anamtazama kwa macho mazima. Mwalimu hakuwahi kumwita ubaoni. Hakuwahi kumuuliza swali wala kumchapa. Wenzake walidhani anampendelea. Mtoto mwenyewe aliniambia kwamba Mwalimu anamchukia, hamtazami kamwe. Nilimwambia si chuki. Aliniuliza basi ni nini, nikaanza kumnyoosha kola ya sare.

Ukali wake uliisha miaka ile. Hakumsimamisha tena mtoto aseme kosa mbele ya wenzake. Wageni walimwona ni mzee mpole. Mimi nilimkasirikia zaidi kwa upole ule, kwa sababu niliona ni namna nyingine ya kukimbia. Lakini pia nilimhurumia, na yote mawili yalikaa ndani yangu pamoja, na bado yamo.

Mama wa pacha alikufa wakati wa mvua ndefu, akiuguzwa Ahero, kwa homa iliyompitia haraka. Alizikwa hukohuko, katika boma la mumewe. Nilikwenda mazishini. Mwalimu hakwenda. Nilisikia pale watu wakimsifu marehemu kwa kumvumilia yule binti aliyejiharibia macho, na Apiyo, sasa ni msichana mkubwa, amekaa chini na miguu imenyooshwa.

Baada ya hapo Mwalimu alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amestaafu, kifua kinamsumbua, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Alikunywa chai yote, akaomba ya pili, akainywa. Ndipo akaniuliza kama naweza kumsindikiza Ahero. Sikumuuliza anakwenda kufanya nini.

Tulifika saa za mchana. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, na njia ya kuingia bomani ilikuwa tope tupu, nikamshika mkono asianguke. Nyanya alikuwa amelala ndani. Apiyo alikuwa kivulini mwa nyumba anapepeta mchele kwenye ungo, akiutafuta uchafu kwa vidole. Alinitambua kwa sauti. Kisha akageuza kichwa, akamweka Mwalimu kwenye ukingo wa jicho.

Mwalimu hakukaa. Alivua kofia, akasema yote akiwa amesimama, sentensi nzima nzima, kama alivyowataka watoto wake. Kwamba ni yeye aliyemfundisha kutazama. Kwamba makofi yalikuwa yake. Kwamba hotuba ya Ijumaa haikutosha na yeye alijua haikutosha tangu siku ile ofisini. Akasema, "Nilikosa, Apiyo." Miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake.

Apiyo aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Mimi hukunificha kitu, Mwalimu," alisema. "Mimi si nilikuwa ndani ya Agwata? Nilijua kitambo. Mama ndiye hakuwa ndani."

"Najua."

"Alikufa akiniambia niliambiwa. Hata ile asubuhi ya mwisho. Nilitaka kumshikia maji, nikamwaga, akaniambia."

Mwalimu aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Yeye ako pale, upande wa nyumba yake," Apiyo alisema, bila hasira, akielekeza kwa kidevu. "Enda umwambie yeye."

Alikwenda. Kaburi lilikuwa bado udongo mbichi, limetitia katikati kwa mvua. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, mbali kiasi kwamba tusingeweza kusikia. Upepo ulikuwa unatoka mashambani. Apiyo aliurudia mchele wake, vidole vikienda na kurudi, na baada ya muda aligeuza kichwa upande ule, akakaza ukingo wa jicho, akashindwa.

"Anasema?" aliniuliza.

Nilimtazama yule mzee. Mabega yalikuwa yanatikisika, lakini kichwa kilikuwa kimeinama na mdomo umefungwa.

Nikamwambia bado.